Mdomo wa Ndege

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifika, na ndani yake ile picha ya ndege uliyoichapa kwa mkono kutoka kwenye ubao uliouchonga. Nimeitazama asubuhi na jioni. Umeniambia mdomo wake ulivunjika siku ya tatu ya kuchonga, ukakasirika, ukausukumia ubao chini ya kitanda. Utoe huko, mwanangu. Mdomo ule unarudishika, na nitakueleza namna.

Nimeukagua mdomo kwenye chapa nikaona kilichokuponza. Nyuzi za ubao wako zinakwenda kulia na kushoto, nao mdomo umeuelekeza juu, kukingama nazo. Mstari mwembamba uliokingama na nyuzi ni kitu dhaifu mno. Isitoshe, nadhani kisu ulikilaza upande usiofaa, ukauchimba mstari kwa chini. Mstari unaobaki uwe kama tuta: juu mwembamba, chini mpana. Kisu kiegemeze ili ncha yake ikimbie mstari kila inapozama. Ukiuacha mstari umesimama juu ya pango, wino utaupita salama, lakini siku utakayoisugua karatasi kwa nguvu utameguka.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Umeandika kwamba "ulikuwa unachonga mdomo". Mdomo hauchongwi. Kinachochongwa ni hewa iliyouzunguka. Unachokiondoa kitakuwa cheupe, na usichokigusa ndicho kitakachobeba wino. Mimi nilichukua muda mrefu kulielewa hili. Nilikuwa nakodolea macho mstari wangu huku patasi ikila kando yake bila mimi kuangalia. Tangu nilipoanza kuutazama weupe, mkono wangu ulitulia wenyewe.

Sasa dawa. Kata shimo dogo la pembe nne pale mdomo ulipokuwa, lenye kuta zilizonyooka. Chukua kipande cha mti uleule, nyuzi zake zielekee kulekule, kipunguze kidogo kidogo mpaka kiingie kwa kubana. Tia gundi, kiache kikauke kabisa, kisha kisawazishe na uso wa ubao kwa patasi kali na msasa laini. Chora mdomo upya, chonga tena. Wachongaji wa Japani, ambao kwa karne nyingi walitumia mbao ngumu za mcheri, walitia viraka vya namna hii, na wala haikuwa aibu.

Tena kuna habari ya kifaru wa Albrecht Dürer, msanii wa Kijerumani, picha iliyochapwa kwa ubao mwaka 1515. Dürer hakuwahi kumwona mnyama yule. Alimchora kutokana na maelezo na mchoro wa mtu mwingine, ndiyo maana amevikwa ngozi kama deraya. Ubao wake ulichapwa tena na tena hata baada ya yeye kufa, ukapata ufa na matundu ya wadudu, na watu wakaendelea kuuchapa. Katika nakala za baadaye ufa unaonekana wazi. Wewe umepoteza mdomo tu.

Jina lako limetoka kinyumenyume, nalo nimelipenda, ila najua hukukusudia. Ubao ni kama kioo. Chora kwenye karatasi nyembamba, ibandike kifudifudi juu ya ubao, uchonge humohumo. Wajapani walifanya hivyo, na mchoro wa asili ulikuwa unaisha kwa kuchongwa. Ile picha ya wimbi kubwa ya Hokusai, mchoraji wa Japani, ya mnamo mwaka 1831, ilipita katika mikono ya mchoraji, kisha mchongaji, kisha mchapaji, na mchoro aliouchora kwa ajili ya ubao ukaangamia njiani. Huwa nawafikiria wale wachongaji ambao majina yao hatuyajui, wakifuata ukingo wa kila kidole cha povu.

Chapa yako imefifia katikati na kuchafuka pembeni. Kufifia ni kwa sababu hukusugua vya kutosha. Mgongo wa kijiko cha mti unatosha kabisa, anza katikati ukienda nje kwa miduara midogo, kisha inua pembe moja uchungulie huku mkono mwingine umeikandamiza karatasi isihame. Palipopauka, irudishe usugue tena. Madoa ya pembeni ni kwa sababu weupe wako mpana haukuchimbwa vya kutosha. Karatasi hubonyea pasipo mstari wa kuishikilia, ikagusa chini. Karibu na mistari chimba kidogo, lakini uwanja ukipanuka zidisha kina. Wino nao upake mwembamba, mara mbili au tatu, usiumwage ukajaa kwenye mifereji.

Na mikono, mwanangu. Yote miwili iwe nyuma ya makali, siku zote. Kovu lile la kidole gumba changu, ambalo ukiwa mdogo ulikuwa unalipapasa ukiniuliza limetoka wapi, lilitokana na patasi butu. Butu hukufanya usukume kwa nguvu, na nguvu ikiponyoka haichagui pa kwenda. Noa kabla ya kuanza, na unoe tena kila unapoona ubao unachanika badala ya kukatika.

Rangi ya pili uliyoiuliza ingoje kwanza. Itahitaji ubao wake peke yake, na alama mbili za kuegemeza karatasi, moja kwenye kona na moja ubavuni, zikae mahali palepale kwenye kila ubao. Nitakuandikia habari zake ndege akishapona.

Ukimaliza kiraka, nichapie nakala moja kabla hujarekebisha kitu kingine chochote. Nataka kuuona ule mshono kuzunguka mdomo.

Mama yako