Kwa vijana wa Forodhani, Nungwi na Paje: mtu wa bara naye ni mgeni

Assalaamu alaykum wanangu,

Nakuandikieni nyinyi mnaochoma mishkaki Forodhani, mnaolinda mageti ya hoteli za Nungwi na Paje, mnaopeleka watu kisiwani Changuu kwa boti, na nyinyi mnaowafuata wageni mitaani kuwaongoza, tunaokuiteni mapapasi. Wengi wenu nimekuoneni mkikua, kwa hiyo sitazunguka: mnabagua wageni, na wanaoumia ni Waafrika wenzetu.

Mzungu akifika getini hulakiwa kwa "jambo" na kupokewa mizigo. Baba wa Kitanzania akifika na familia yake, na chumba keshakilipia, anaulizwa, "Unamtafuta nani?" Mbele ya watoto wake! Forodhani nimemwona kwa macho yangu mama mmoja kutoka Mwanza akiuliza bei ya mshikaki wa pweza. Kijana wetu akamtazama, kisha akaanza kumwita mtalii aliyesimama nyuma yake. Mama akauliza tena. Akajibiwa, "Ghali hiyo, bi mkubwa." Nani kamwambia yule kijana kilichomo mkobani mwa mwenzake?

Mtu kama yule kajibana miezi mingapi, kasafiri kwa basi mpaka Dar, kavuka bahari aje apaone Unguja alikokusoma shuleni. Hata Kiswahili alichofundishwa kimesanifiwa kutokana na Kiunguja chetu. Anaondoka na nini cha kuwasimulia wa nyumbani?

Wala msiseme hana faida. Mwaka 2020 korona iliposimamisha ndege za watalii, hoteli zilifungwa na wengi wenu mkarudi kuvua au kukaa barazani. Wa Ulaya anategemea ndege. Wa Dar anapanda boti asubuhi, mchana yuko hapa, na akipendezwa atarudi Pasaka na kuja na shemeji zake.

Najua wageni nao wana makosa. Wapo wanaokatiza vichochoro vya Mji Mkongwe vifua wazi, wapo wanaokula hadharani mchana wa Ramadhani, na hilo linatuudhi sote, mimi wa kwanza. Lakini mwelezeni kwa upole, mumwonyeshe mahali pa stara pa kulia. Kumfokea mtu na kumtupia "nyinyi watu wa bara" kama tusi si malezi tuliyokupeni.

Halafu kuna hili la bei, ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Mgeni anajaziwa sahani, ngisi huku, kamba huku, mkate wa kumimina juu yake, na hesabu anatajiwa akishatafuna. Akilalamika, wenzenu wa meza za jirani wanamzunguka. Huo ni unyang'anyi, na pesa yake mnawalisha watoto wenu. Andikeni bei ubaoni, kwa shilingi, kwa herufi kubwa, na ubao usimame mbele ya meza kabla jiko halijawashwa. Wazee wa mtaa tuko tayari kuchangia mbao na rangi; njooni baada ya sala ya Ijumaa tupange.

Mzee wenu,
Mji Mkongwe