Barua kwa Baba, Mama na mdogo wangu kutoka misheni

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi ni mzima, na kazi ya umisionari ya Kanisa letu la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho inaendelea. Mdogo wangu, hujambo?

Mliniuliza kwenye simu siku ya mmisionari inapita vipi, na muda haukutosha kujibu. Kwa kuwa mdogo wangu ameshaanza mahojiano na askofu, kiongozi wa usharika wetu, ili naye atume maombi ya kwenda misheni, naandika kwa kirefu, hasa yale ambayo hayamo kwenye orodha ya vitu vya kufungasha.

Tunaamka saa 12:30 asubuhi, tunasali, tunafanya mazoezi ya viungo nusu saa, tunaoga, tunakula. Kisha kila mtu anajifunza maandiko peke yake, halafu wawili pamoja, na anayejifunza lugha ngeni anaongeza nusu saa hadi saa nzima. Kwa kawaida tunatoka kama saa 4 asubuhi, tunarudi saa 3 usiku, au 3:30 kama tulikuwa tunafundisha, na taa zinazimwa saa 4:30. Rais wa misheni, yaani msimamizi wa wamisionari wote wa eneo letu, anaweza kusogeza saa hizi kulingana na mazingira. Kinachovunja ratiba ni usiku. Mtu akichelewa kulala siku mbili tatu mfululizo, anasinzia juu ya Kitabu cha Mormoni, mojawapo ya maandiko yetu, asubuhi, kisha anatoka bila kujua anakwenda kumfundisha nani, nini. Ndiyo maana mpango wa kesho unaandikwa kabla ya kulala: jina, saa, somo, na nyumba nyingine ya karibu ya kwenda endapo mwenyeji hatakuwepo. Miadi huvunjika kila siku. Asiye na nyumba ya pili anamaliza mchana akitembea tu.

Lakini linaloamua misheni ya mtu, kwa maoni yangu, ni mwenzi, yaani mmisionari mwingine unayepangiwa kuishi na kufanya kazi naye. Hukumchagua, humjui, pengine lugha yake ya nyumbani ni nyingine, na mnatakiwa kuonana na kusikiana muda wote isipokuwa bafuni au kwenye mahojiano. Uhamisho hutangazwa kila baada ya wiki 6 hivi, kwa hiyo mnaweza kukaa pamoja wiki 6 au miezi kadhaa. Ugomvi mwingi hauhusu mafundisho. Unahusu vyombo visivyooshwa, kengele ya saa inayozimwa na mtu akarudi kulala, na anayezungumza yeye tu kila mlango unapofunguliwa.

Dawa yake ipo katika kikao cha mipango cha kila wiki, ambapo wenzi wanazungumza juu ya uhusiano wao: kila mmoja anataja analothamini kwa mwenzake, kisha linalomkwaza, wanakubaliana la kufanya, wanasali. Kikao hiki kinashindikana pale mtu anapoweka malalamiko akibani hadi siku hiyo, akayamwaga yote kwa mkupuo. Jambo dogo lisemwe siku hiyohiyo, faragha, kwa upole. Na usipeleke habari za mwenzi wako kwa wamisionari wa nyumba nyingine kabla hujazungumza naye mwenyewe. Kama kuna hatari au sheria inavunjwa, hapo mpigie rais wa misheni bila kuona aibu. Simu yake iko kwa ajili hiyo.

Lugha nayo inashikamana na mwenzi. Mgeni wa lugha akimwachia mwenzi anayeijua maneno yote, miezi inapita naye bado anatabasamu tu. Kabla ya kubisha hodi, gawaneni: huyu anafungua kwa sala, yule anaeleza Urejesho, yaani jinsi Kanisa la Kristo lilivyorudishwa duniani kupitia Joseph Smith, huyu anasoma andiko, yule anatoa ushuhuda. Sala na ushuhuda ndivyo vya kwanza kuvijua, kwa sababu maneno yake yanajirudia. Pia soma Kitabu cha Mormoni kwa sauti katika lugha hiyo hata kama huelewi kila neno. Ulimi unazoea kabla ya kichwa.

Mdogo wangu, jali miguu yako. Chukua jozi mbili za viatu vyenye soli nene na uvae kwa zamu, siku hii hivi, kesho vile, ili ngozi ikauke jasho. Kiatu kinachovaliwa kila siku huoza ndani na soli kuachia. Kucha za miguu zikatwe kwa mstari ulionyooka, zisichongwe pembeni, la sivyo zinaota ndani ya nyama, na mtu anaacha kutembea wiki nzima. Malengelenge au maumivu yoyote yasemwe mapema kwa mke wa rais wa misheni, anayefuatilia afya zetu. Wengi wanaficha wakidhani ndiyo imani. Kwenye baiskeli, helmeti ni lazima, na mguu wa suruali upande wa mnyororo ufungwe. Beba tyubu ya akiba na pampu.

Nyumba za watu zina taratibu zake. Hatuingii kufundisha mtu wa jinsia nyingine akiwa peke yake. Mtu mzima mwingine awepo. Hatubaki na watoto, hatuogelei, na hatutoki eneo tulilopangiwa bila ruhusa.

Mtu akiamua kubatizwa, anahojiwa kwanza, kwa kawaida na kiongozi wa wilaya, yaani mmisionari anayeongoza kikundi kidogo cha wamisionari wenzake. Siku yenyewe, anzeni kujaza maji mapema, maana kisima cha ubatizo kinachukua muda mrefu kujaa, na mtu mzima asibanduke pale maji yanapojaa, kwa usalama wa watoto. Sala ya ubatizo inasemwa neno kwa neno, na mwili wote uzame, pamoja na nywele na nguo. Mashahidi wawili wanaangalia. Kidole cha mguu kikibaki juu, inarudiwa. Mwambieni anayebatizwa akunje magoti na abane pua, naye hatashtuka.

Siku ya matayarisho, moja kila wiki, ni ya kufua, sokoni, kusafisha nyumba, kunyoa na kuwaandikia ninyi. Jioni tunarudi kazini. Fedha ya matumizi huja kwa mwezi, na anayeila wiki ya kwanza anaishi kwa wali mtupu hadi mwisho, kwa hiyo igawe kwa wiki siku inapoingia.

Mama, tangu Februari 2019 tunaruhusiwa kupiga simu nyumbani kila wiki. Kabla ya hapo ilikuwa mara 2 tu kwa mwaka. Naomba msiulize tena wangapi wamebatizwa. Mmisionari anaweza kufanya kazi kwa uaminifu miezi mingi asione ubatizo hata mmoja, na swali hilo linamkalia moyoni wiki nzima. Ulizeni tunamfundisha nani, kisha mumwombee. Na Baba, kifurushi kitumwe ofisi ya misheni, si nyumba ninayokaa, kwa sababu kinaweza kufika nimeshahamishwa.

Wiki ijayo nitapiga saa ileile. Msalimieni askofu na majirani wote.

Mwanenu awapendaye.