Tiba ya wasiwasi mtandaoni: mlimsahau anayesoma

Ndugu Mhariri,

Ni miaka 16 sasa nalisoma gazeti lenu bila kuwaandikia hata mstari mmoja, na ningeendelea kunyamaza kama si ile habari ya ukurasa wa afya iliyotangaza kwamba wasiwasi sasa unatibika kwa intaneti "bila kumhitaji mtaalamu". Niliisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimeshasimama.

Siipingi tiba yenyewe. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yaliyokusanya majaribio 38 yenye washiriki 3,214, yalionyesha kwamba tiba ya fikra na tabia kwa njia ya intaneti huwapa watu nafuu kuliko kuachwa kwenye orodha ya kusubiri, ingawa kumshinda mtu ambaye hajapewa chochote si ushindi wa kupigiwa vigelegele, na waandishi wa mapitio hayo wenyewe waliupima ushahidi kuwa kati ya dhaifu na wa wastani. Lakini kichwa cha mapitio hayo tu kinaeleza kwamba tiba iliyochunguzwa ni ile yenye msaada wa mtaalamu. Mwandishi wenu aliyaruka maneno hayo.

Mimi nimepitia tiba zote mbili, yenye mtaalamu na isiyo naye. Katika ile ya kwanza kulikuwa na mshauri ambaye sikuwahi kumwona uso, aliyesoma niliyoandika kila wiki na kunijibu kwa aya moja au mbili. Sidhani kama nilimchukulia zaidi ya dakika 10. Wiki moja nilimwandikia kwa majivuno kwamba nimepanda lifti. Akanijibu: "Hadi ghorofa ya ngapi?" Nilikuwa nimepanda moja tu, nikashuka kwa ngazi. Swali hilo lilinifanyia kazi kuliko masomo yote yaliyolitangulia.

Hofu iliporudi miaka kadhaa baadaye, nilijiunga na programu nyingine, hii ikiwa ya kujiendesha mwenyewe. Katika wiki ya nne mdogo wangu alilazwa ghorofa ya 9, ngazi zilikuwa zimefungwa kwa matengenezo, nami nikasimama mbele ya lifti hadi muda wa kuwaona wagonjwa ukaisha, mfuko wa nguo zake ukiwa mkononi, watu wakinipita huku na huku na mmoja wao akinishikia mlango kwa adabu hadi nikamdanganya kwamba namsubiri mwenzangu. Saa 8 usiku, nikiwa sina wa kumweleza, niliyaandika yote hayo kwenye kile kisanduku cha "andika unavyojisikia", mistari kama 40, nikabonyeza kutuma. Jibu lilikuja kabla sijaondoa kidole: "Hongera! Umekamilisha sehemu ya 4. Endelea hivyo hivyo!" Chini yake kulikuwa na puto la rangi likipaa. Sikuifungua sehemu ya 5, wala hakuna aliyeniuliza kwa nini. Watu wa namna yangu, Mhariri, tumo katika tafiti hizi, tunaitwa walioacha njiani, na habari yenu haikututaja hata kwa nusu sentensi.

Na kwa kuwa nimeshaanza, kile kisanduku chenu cha ushauri pembeni kilichowaambia wasomaji "waepuke yanayowatia hofu" kiliandikwa na nani? Kuepuka ndiko kunakoilisha hofu. Katika tiba halisi niliagizwa nizunguke juu ya kiti hadi kizunguzungu kinishike, na nipumue harakaharaka kwa makusudi, ili nijionee kwamba moyo kwenda mbio hauniui. (Kuhusu kile kichwa kidogo, "Wasiwasi ndiyo akili", sisemi kitu, aliyekichagua hajawahi kusimama nilipokuwa nimesimama mimi.)

Ombi langu ni hili. Siku nyingine mkiandika kwamba tiba ya intaneti imefaulu, aya ya kwanza itaje waliianza wangapi, waliimaliza wangapi, na kila mmoja alisomwa na binadamu kwa dakika ngapi kwa wiki. Nafasi ikikosekana, ondoeni ile picha ya msichana anayeichekea kompyuta. Nimeipima kwa rula: ina sentimita 11 kwa 8, na tarakimu hizo tatu zinaenea humo bila kubanana.

Msomaji wenu wa siku nyingi
(jina naomba msilichapishe)