Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Hali ya Rejista ya Wanachama

Ndugu wanachama,

Mambo ya akiba, mikopo na gawio yamo kwenye kabrasha lenu, sitayarudia. Nizungumzie rejista, maana ndiyo iliyotukalisha vikaoni mwaka huu.

Bodi ilikuwa tayari kununua mfumo mpya wa kompyuta. Kamati ya Usimamizi ikasema ngojeni, kwanza tujue tunahamisha nini. Tukamkabidhi kijana wetu wa TEHAMA jedwali zima la rejista, lililo kwenye Excel, alipitie safu kwa safu, bila kusahihisha hata herufi moja: visanduku vingapi ni vitupu, nini kinajirudia, namba zina tarakimu ngapi, tarehe ya zamani kabisa ni ipi.

Namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, ndizo zilizotushtua. Kwa urefu zilitimia tarakimu 20, lakini nyingi ziliishia na sifuri tano mfululizo. Kumbe Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Zinazozidi huzigeuza sifuri, isipokuwa kisanduku kiwe kimewekwa kama maandishi tangu mwanzo. Walioandikiwa namba kwa vistari katikati wamesalimika, maana hapo Excel huiona kama maandishi. Waliobaki, hakuna fomula ya kuwarudishia. Lazima kitambulisho kionekane tena.

Tarakimu nane za mwanzo zilinusurika, nazo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tulipozilinganisha na safu ya tarehe ya kuzaliwa, tukakuta siku na mwezi vimebadilishana: 3 Julai imegeuka 7 Machi. Upande wa simu, sifuri ya mbele imedondoka, au namba moja wameandikiwa watu watatu. Ndiyo maana baadhi yenu hampati ujumbe wa marejesho. (Wengine, tusidanganyane, mnaupata.)

Uchunguzi huu una mpaka wake. Simu yenye tarakimu 10 kamili yaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa, na jedwali lisiseme. Mohamed na Muhammad waliozaliwa siku moja huenda ni mtu mmoja, huenda ni wawili. Tumewakataza makarani kuunganisha akaunti kwa kukisia. Humo mna hisa na majina ya warithi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inatutaka tutunze taarifa sahihi.

Naomba mkutano uridhie ununuzi wa mfumo usubiri hadi uhakiki ukamilike. Dawati linafunguliwa ofisini Jumatatu. Njooni na kitambulisho cha NIDA, kitabu cha akiba, na simu mnayoitumia wenyewe, siyo ya mtoto.