Mifumo ya kompyuta iandikwe kwa mpangilio unaoeleweka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna mifumo ya kompyuta inavyoandikwa nchini, hasa sasa ambapo Serikali imehamia Dodoma na huduma nyingi kwa wananchi zinategemea mifumo hiyo.

Nimewahi kukabidhiwa mfumo wa kukusanya malipo ambao klasi moja, yaani fungu moja la maagizo ya programu, ilibeba kila kitu: kukokotoa ankara, kuwasiliana na mitandao ya simu, kutoa risiti na kumtumia mteja ujumbe. Ndani yake mlikuwa na mlolongo wa masharti, kwamba malipo yakiwa ya M-Pesa ifanyike hivi na yakiwa ya Airtel Money ifanyike vile, na masharti hayohayo yalirudiwa kwenye risiti na kwenye ripoti ya mwezi. Ilipoamuliwa kuongeza HaloPesa, ilibidi kupekua kote, kwa sababu sehemu moja ikisahaulika mteja hulipa na deni lake likabaki palepale.

Tatizo hilo lina ufumbuzi unaojulikana, nao ni ruwaza ya adapta; ruwaza ni mpangilio wa kuandika programu unaotumika tena na tena kutatua tatizo la aina moja. Sehemu kuu ya mfumo hubaki na maagizo mawili tu, kupokea malipo na kuyathibitisha, kisha kila mtandao huandikiwa klasi yake ndogo inayoyageuza maagizo hayo yaendane na utaratibu wa mtandao husika. Ukija mtandao mwingine, huongezwa klasi moja, na zile zilizokwisha kujaribiwa haziguswi. Risiti na ujumbe navyo hutengwa: malipo yakithibitishwa, mfumo hutangaza tukio hilo, na kila sehemu iliyojiandikisha kupokea taarifa hufanya kazi yake.

Haya si mageni. Mwaka 1994 Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides walichapisha ruwaza 23 za aina hii, wakiwa wamevutiwa na fikra za msanifu majengo Christopher Alexander. Ni kweli kwamba zikitumiwa ovyo huongeza ugumu, na programu ndogo isiyotarajiwa kubadilika haizihitaji hata kidogo. Mahali pake ni pale panapobadilika mara kwa mara, na malipo ni mfano dhahiri.

Ninaziomba taasisi zinazoagiza mifumo ziweke sharti katika mikataba kwamba, kabla ya malipo ya mwisho, mtaalamu asiyehusika kuuandika mfumo apewe kazi ya kuongeza njia moja mpya ya malipo, na ihesabiwe amelazimika kubadilisha mafaili mangapi. Walimu wa vyuo nao, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dodoma kilichopo hapa kwetu, ninawaomba katika mitihani wawape wanafunzi msimbo (maandishi ya programu) uliovurugika waupange upya, kwani anayekariri fasili ya adapta bila kuwahi kuiandika hataitambua atakapoihitaji kazini.

Mtengeneza programu,
Nkuhungu, Dodoma