Matembezi ya Jumamosi: mawikio na ngome

Assalaam aleikum ndugu zangu. Jumamosi tukutane Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome ya Lamu, saa moja na nusu asubuhi. Saa moja na nusu kweli. Mara ya mwisho tulingoja hata chai ikapoa.

Ngome hatutakaa sana, wengi mwaijua: ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ikawa jela hadi 1984. Nataka tupate muda wa mawikio, yale madaraja ya chumba yanayovuka kichochoro juu kwa juu, kutoka nyumba hadi nyumba. Twapita chini yake kila siku na hatuinui macho. Mama zetu waliweza kwenda kwa jirani bila kushuka njiani. Simameni chini ya moja muangalie boriti za mkoko zilivyopangwa, na mawe ya matumbawe juu yake. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba.

Tutazungumza pia habari ya chokaa. Mimi mwenyewe niliziba ufa wa daka letu, ile baraza ya mlangoni, kwa saruji badala ya chokaa, nikajiona fundi. Mvua mbili tu, unyevu ukanasa ndani na plasta ikabanduka na kipande cha jiwe.

Vaeni viatu vya kufunika, punda hawana adabu. Msipige picha milango iliyo wazi kabla ya kubisha hodi. Anayekuja na watoto aniambie kabla ya Ijumaa jioni, ninunue mahamri ya kutosha.