Msingoje tohara

Mwanangu,

Mkeo ameniambia daktari wa kliniki alimpapasa mtoto, akakosa korodani ya kushoto kwenye mfuko wa korodani, akawaandikia barua ya kumwona daktari wa upasuaji wa watoto. Barua hiyo bado imelala ndani ya kitabu cha kliniki kwa sababu mjomba wako amesema mngoje tohara, yote yamalizwe mara moja.

Mjomba wako nampenda, ila hapa amepotea. Kwetu tohara ni miaka 10 na zaidi. Korodani iliyokwama tumboni au kwenye kinena inakaa kwenye joto la mwili, na yenyewe inahitaji mahali penye ubaridi wa nyuzi 2 au 3 zaidi. Chembe zitakazokuja kutoa mbegu za uzazi huanza kupungua hata kabla mtoto hajafikisha miaka 2.

Kungoja kwenu mwanzoni hakukuwa na ubaya. Katika wavulana 100 waliozaliwa miezi ikiwa imetimia, kama 3 huzaliwa hivyo, na wengi hujirekebisha wenyewe. Ikipita miezi 6, ni nadra. (Kwa njiti huhesabiwa kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa, wenu si njiti.) Sasa ana miezi 8. Inatakiwa awe ameshapasuliwa kabla ya miezi 18, yaani kabla ya sindano ya pili ya surua. Tarehe mnayo kitabuni.

Msitangulie kulipia picha ya ultrasaundi. Vidole vya daktari vinatosha, navyo ndivyo vitakavyojua kama ni ile inayopanda kwa baridi na kushuka kwenye maji ya vuguvugu. Hiyo haipasuliwi, huangaliwa kila mwaka. Iliyokwama kweli, mtoto hulazwa usingizi, hukatwa kidogo kinenani, korodani ikashushwa na kushonewa mfukoni. Wengi hulala kwao siku hiyo hiyo.

Saratani nayo ipo, sikufichi: hatari huwa kubwa kidogo kwa waliozaliwa hivi, hupungua ikishushwa kabla ya kubalehe, lakini haiishi. Akibalehe utamfundisha kujipapasa korodani kuona kama kuna uvimbe.

Kinena kikivimba, alie bila kunyamaza na kutapika, msingoje kuche. Kimbieni hospitali usiku huo huo.

Jumatatu nitafika kwenu Umoja mapema nikae na dada ya mtoto, nyinyi wawili mwende Hospitali ya Kenyatta na hiyo barua. Ulizeni pia SHA, bima ya afya ya serikali, italipa kiasi gani. Mjomba niachie mimi.

Mama yako